Salfa ya Saa Nane Mchana: Filamu ya Hali Halisi Ni Kitu Gani Hasa?

Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana waliokalia magunia matupu. Tulikuwa tumetundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la chama cha msingi, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, na juu ya shuka hilo mzee mmoja mkulima alikuwa anapuliza salfa kwenye mikorosho yake. Picha ilikuwa safi kweli. Jua linawaka, vumbi la njano linapanda polepole kama moshi wa ubani. Mwongozaji, kijana aliyetoka Dar es Salaam, alidhani watu wamependezwa. Kumbe walikuwa wanatazama vivuli vya miti.

"Nani anapuliza salfa saa nane mchana?" mama mmoja akauliza kwa sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kwa asiyekulia kwenye mikorosho: salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na maua, upepo haujaamka. Unga unanata, na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unakosa pa kuanzia. Ukipuliza saa nane mchana unampulizia jirani. Mzee analijua hilo kuliko mimi na mwongozaji kwa pamoja. Aliambiwa arudie mchana kwa sababu ile alfajiri ya kweli kamera haikuona kitu.

Nilikuwepo kwa kuwa kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Mtwara mjini, na safari ile nilikodiwa kubeba stendi za kamera na kutafsiri Kimakonde. Tangu usiku ule nimekutana na swali lile lile sokoni, kwenye daladala, hata msibani: kama mzee aliambiwa arudie, si ameigiza? Na kama ameigiza, kwa nini mnaiita dokumentari? Si swali geni. Mwaka 2022 ilipotoka filamu ya Royal Tour, ambamo Rais Samia Suluhu Hassan anamtembeza mtangazaji wa Marekani Peter Greenberg kwenye vivutio vya nchi, kijiwe chetu cha kahawa kiligawanyika pande mbili kwa swali hilo hilo: Rais kaigiza, au hakuigiza?

Tuanze na majina, maana nusu ya ubishi imo humo. Filamu ni picha zozote zinazotembea zilizopangwa zikawa kitu kimoja cha kutazama. Muvi, kwa lugha ya mtaani, ni filamu ya hadithi ya kubuni: kuna waigizaji, kuna aliyeandika nani aseme nini, na anayekufa leo utamkuta kesho anakunywa soda. Makala ni neno gumu kidogo, kwa sababu linabeba maandishi kama haya na vilevile vile vipindi vya televisheni vya kueleza jambo. Dokumentari, au filamu ya hali halisi, ni filamu inayodai kusema jambo fulani kuhusu watu, mahali au matukio yaliyopo au yaliyopata kuwepo kweli.

Neno la kushika hapo ni "inayodai".

Watu wa Kusini tuna bahati, kwa sababu mfano upo mlangoni. Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anapeleka mzigo wake, unapimwa, anapewa karatasi. Karatasi ile si korosho. Huwezi kuibangua wala kuikaanga, na haifanani na korosho hata kwa rangi. Lakini mtu aliye mbali anatoa fedha kwa kuiamini, kwa sababu inadai kwamba ghalani kuna mzigo wa uzito fulani na daraja fulani. Filamu ya hali halisi ni karatasi ya aina hiyo. Muvi haina ghala nyuma yake, na hakuna anayeidai kitu. Dokumentari inalo, na mtazamaji ana haki ya kuuliza mlango ukifunguliwa atakuta nini.

Kwa kipimo hicho, filamu yetu ya Tandahimba ilikuwa na mzigo. Mzee ni mkulima kweli, miti ni yake, salfa anapuliza kila msimu, mashine ni ile ile. Kilichoandikwa vibaya ni saa. Ni kama stakabadhi yenye uzito sahihi ila unyevu umekosewa. Si wizi, lakini mnunuzi anayejua korosho atainua nyusi.

Tatizo la saa kukosewa, au tuseme la kupangapanga, limezaliwa pamoja na sinema yenyewe. Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio filamu fupi 10 katika Grand Café jijini Paris. Kila moja ilikuwa haifiki dakika moja. Mojawapo inaonyesha wafanyakazi wakitoka kiwandani mjini Lyon. Ni picha ya kawaida kabisa: lango linafunguka, wanawake kwa wanaume wanamiminika, mbwa anapita. Wengi huiita kumbukumbu ya kwanza ya maisha halisi kwenye filamu. Basi sikiliza. Kiwanda kilikuwa cha hao hao akina Lumière, na filamu ile ipo katika matoleo 3. Wanaoyatofautisha huangalia farasi: moja lina farasi mmoja, jingine wawili, jingine halina kabisa. Maana yake mabosi waliwatoa wafanyakazi wao langoni zaidi ya mara moja, mbele ya kamera, mpaka wakaridhika.

Nilipolijua hilo nilipumua. Mimi kila Jumamosi huwaambia maharusi warudi mlangoni waingie tena ukumbini, kwa sababu shangazi alisimama mbele ya kamera na kanga yake. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ile ndoa ni ya kuigiza. Wameoana, sheikh au padri amekwisha maliza kazi yake. Kilichorudiwa ni kutembea.

Lakini kuna kurudia na kurudia. Mwaka 1922 Mmarekani Robert Flaherty alitoa filamu iitwayo Nanook of the North, kuhusu familia ya Wainuiti kwenye baridi kali ya pwani ya Hudson Bay, kaskazini mwa Kanada. Filamu ilivuma, na mpaka leo wanaofundisha fani hii huanzia hapo. Ukifungua ghala lake, hesabu zinaanza kukuchanganya. Nanook hakuitwa Nanook, jina lake lilikuwa Allakariallak. Mwanamke anayeonekana kama mkewe hakuwa mkewe. Walikuwa wameshazoea bunduki, lakini Flaherty akataka wawinde kwa chusa kama mababu. Kuna mahali Nanook anashangaa santuri mpaka anaing'ata, na mshangao huo ulikuwa mchezo tu. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, upande mmoja wazi, kwa sababu kamera za wakati huo haziwezi kuona ndani ya giza. Familia inaonekana inalala kwa amani, kumbe wamelala uwanjani.

Nyumba ya nusu mimi ninamsamehe. Ni salfa ya saa nane ile ile: jambo lipo, ila mwanga haupo. Chusa ni habari nyingine. Hapo Flaherty aliwaondolea watu wale karne yao, akawavalisha ya babu zao, kisha akaiambia dunia hivi ndivyo wanavyoishi. Sisi tunaijua sana hiyo. Ni ule mgeni anayekuja Mtwara kupiga picha za Wamakonde, akiona fundi wa vinyago ana simu mfukoni anamwomba aifiche. Hata hivyo nisimwonee mtu. Flaherty alikuwa anasafisha picha zake kule kule barafuni na kuwaonyesha Wainuiti wenyewe, wakimsaidia kuamua la kupiga kesho. Wako wengi walioijia Afrika na kamera bora zaidi na hawakufanya hata hilo.

Jina lenyewe nalo lina kichekesho chake. Mwaka 1926 Mskoti John Grierson, akiandika katika gazeti la New York kuhusu filamu nyingine ya Flaherty iliyopigwa kisiwani Samoa, alisema ina thamani ya dokumentari, yaani ya hati, ya ushahidi. Hapo ndipo neno lilipoanza kushika kwa Kiingereza. Na filamu aliyoisifu kwa kuwa hati ina kijana anayechanjwa chale za kitamaduni kwa uchungu mkubwa, desturi ambayo wakati ule ilikuwa inafifia na ilirejeshwa kwa ajili ya kamera. Chale zilikuwa za kweli, damu ya kweli, maumivu ya kweli. Desturi ndiyo iliyoazimwa. Baadaye Grierson mwenyewe aliieleza kazi hii kuwa ni kuushughulikia uhalisi kwa ubunifu, na nadhani alijua anachosema. Hakudai kwamba ni kioo.

Maana wapo wanaoamini kuwa kamera haidanganyi. Kamera haina mdomo, ni kweli, lakini ina mtu nyuma yake na mkasi mbele yake. Ukipiga saa 40 za picha, ukatoa filamu ya saa moja, umetupa saa 39. Picha zisizohaririwa ni korosho ghafi: ndani kuna kitu kitamu, lakini ganda lina mafuta yanayounguza. Lazima zikaangwe, zibanguliwe, zimenywe, zichambuliwe. Mhariri ndiye mbanguaji. Akiamua picha ya mama analia ije mara tu baada ya picha ya afisa anacheka, mtazamaji ataona afisa anamcheka mama, hata kama vitu hivyo vilitokea wiki tofauti. Hakuna aliyesema uongo hata neno moja.

Kwa muda mrefu, dokumentari ilimaanisha sauti. Sauti nzito ya mwanamume usiyemwona, inayojua kila kitu, ikikueleza unachokitazama. Waliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani, wataielewa haraka: msimulizi anayeitafsiri sinema ya Kichina kwa Kiswahili ana mamlaka kuliko wahusika wenyewe, na akisema huyu ni shemeji yake, basi ni shemeji yake. Tanganyika ilionja jambo hili mapema. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza waliweka kambi Vugiri, kwenye milima ya Usambara, wakatengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na kuweka akiba, kwa mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Zilitembezwa kwa lori Afrika Mashariki na ya Kati. Picha hazikuwa na sauti ndani yake. Sauti ilikuwa kwenye santuri, na wakifika kwa watu wa lugha nyingine walibadilisha santuri. Picha moja, maneno tofauti. Baadhi zilikuwa na hadithi za kubuni ndani yake, na bado lengo lilikuwa kufundisha hali halisi kama serikali ya kikoloni ilivyotaka ionekane.

Sauti ya aina hiyo inaweza kutumika vizuri. Mwaka 1936 kitengo cha filamu cha posta ya Uingereza kilitengeneza filamu kuhusu treni ya usiku inayobeba barua kwenda Scotland. Iliishia na shairi lililoandikwa na W. H. Auden likiendana na mwendo wa magurudumu, na watu waliopanga barua walikuwa wafanyakazi wa posta wa kweli. Behewa ndilo lililojengwa studio, na wafanyakazi waliambiwa wayumbeyumbe kidogo ili ionekane treni inakwenda. Filamu inaweza pia isihitaji msimulizi kabisa na bado ikakuhubiria: Mjerumani Leni Riefenstahl aliupiga filamu mkutano wa chama cha Nazi mjini Nuremberg mwaka 1934, na mkutano wenyewe ulifanyika kweli, watu ni wa kweli, bendera za kweli. Ni mzigo halisi kabisa ghalani, na ni sumu.

Kisha kamera ikapanda begani. Hili watu hulipita haraka, nami naliona ndiyo kiini cha historia nzima. Kabla ya miaka ya 1960, kurekodi picha na sauti kwa pamoja nje ya studio kulihitaji mitambo mizito, kwa hiyo ilibidi maisha yaifuate kamera. Zilipokuja kamera nyepesi pamoja na kinasa sauti cha kutundika begani kinachokwenda sambamba na picha, kamera ikaanza kuyafuata maisha. Mwaka 1960 Robert Drew na wenzake huko Marekani walimfuata John F. Kennedy akigombea kura za mchujo jimboni Wisconsin, wakipita naye katikati ya umati, kwenye ngazi, kwenye vyumba vya kusubiri. Hakuna anayekuhubiria sana. Mpiga picha anajikunyata kama mjusi kafiri ukutani: yupo, anaona yote, anatumaini mtamsahau.

Mwaka huo huo jijini Paris, Jean Rouch na Edgar Morin walifanya kinyume. Wao waliona mjusi kafiri hadanganyi mtu, kila mmoja anajua yupo. Afadhali aseme. Wakatoka na kamera mitaani kuwauliza watu kama wana furaha, wakawakusanya mezani, wakawachokoza, wakajionyesha wenyewe ndani ya filamu. Mwishoni wakawaonyesha washiriki picha zao na kuwarekodi wakibishana: huyu anasema yule alijifanya, mwingine anasema yule amejianika mno. Ni ule ubishi wetu wa Tandahimba, ila wao waliuingiza ndani ya filamu yenyewe. Rouch alikuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika Magharibi, na Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia usoni kwamba anawatazama Waafrika kama wadudu. Kuwa mkweli kuhusu kamera yako hakukuondolei swali la kwa nini kamera unayo wewe na si mimi.

Wasomi wamezipanga aina hizi kwenye makabati. Mmarekani Bill Nichols ana makabati 6, na wanafunzi wa filamu wanayakariri. Kwa mtazamaji wa kawaida nadhani inatosha kuuliza msemaji ni nani: sauti isiyoonekana, watu wenyewe, mpiga filamu mwenyewe, au picha tupu. Mwaka 2020 ilitoka filamu ya Afrika Kusini ya mwanamume aliyezamia baharini karibu kila siku kwa mwaka mzima kumtembelea pweza mmoja, na mwaka 2021 ikapata tuzo ya Oscar. Anayesema pale ni moyo wa yule bwana, pweza ni njia tu. Nilimwonyesha mama mmoja wa Msimbati anayechokoa pweza maji ya bamvua yakitoka. Alitazama mpaka mwisho kwa adabu, akaniuliza, "Mwaka mzima, mwanangu, na hakumpika?" Hiyo nayo ni hali halisi, na hakuna aliyekwenda kuipiga filamu.

Vipi pale ambapo hakuna cha kupiga? Watu wa Lindi wanalo jibu kwenye kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimbua pale mifupa ya wanyama wa kale, wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, na leo mjusi mkubwa mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu amesimama katika jumba la makumbusho Berlin. Hakuna kamera iliyomwona akitembea. Anayetaka kumwonyesha akila majani lazima amchore au amtengeneze kwa kompyuta. Je, hiyo ni dokumentari? Mwaka 1918 Winsor McCay alichora kwa mkono kuzama kwa meli ya Lusitania, tukio la 1915 ambalo hakuna aliyelipiga filamu, na wengi huihesabu kazi hiyo kuwa dokumentari ya kwanza ya katuni. Mifupa ipo na vipimo vipo, ila rangi ya ngozi ni makisio. Filamu nzuri inakuambia wapi mfupa umeishia na wapi makisio yameanzia. Na mimi ningependa kuiona ile inayowahusu wapagazi, ambao hakuna haja ya kuwabuni.

Kuna njia nyingine, kali zaidi: kukataa kabisa picha za zamani. Claude Lanzmann alitoa mwaka 1985 filamu ya zaidi ya saa 9 kuhusu mauaji ya Wayahudi, bila hata picha moja ya wakati ule. Ni mashahidi tu, na mahali penyewe palivyo sasa, nyasi zimeota. Huwa naifikiria nikipita njia ya Kilwa. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, mwaka 1905, na waliokuwa na kamera walikuwa Wajerumani. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee. Atakayetegemea picha za zamani peke yake atatuletea vita kama vilivyoonekana kutoka upande wa bunduki.

Sasa uongo wa kweli unaonekanaje? Mwaka 1958 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya wanyama wa nchi za barafu. Ndani yake panya wadogo waitwao lemming wanakimbia kwa makundi na kujirusha kutoka gengeni, na msimulizi anaeleza safari yao ya kifo. Ilipata Oscar. Mwaka 1982 televisheni ya Kanada ilifichua kwamba wale panya walinunuliwa, wakapelekwa Alberta ambako hakuna hata bahari, wakazungushwa kwenye meza ya kuzunguka ili waonekane wengi, na wakasukumwa gengeni. Mpaka leo kuna watu wazima duniani wanaoamini lemming hujiua kwa makundi. Hapo si saa iliyokosewa. Ghala ni tupu.

Na upangaji ule ule unaweza kumtoa mtu gerezani. Randall Adams alihukumiwa huko Texas kwa kumuua polisi wa Dallas mwaka 1976. Mwaka 1988 Errol Morris alitoa filamu ambamo tukio la mauaji linaigizwa tena na tena, kila mara kwa kufuata maneno ya shahidi mwingine, mpaka unaona kwa macho kwamba maelezo yao hayawezi kukaa pamoja. Maigizo yale hayakudai kuwa ndiyo yaliyotokea, yalionyesha watu walivyodai. Mwaka uliofuata Adams aliachiwa. Kisha, na hapa ndipo habari inaponikaa kichwani, Adams huyo huyo akamfungulia Morris kesi akitaka haki ya simulizi ya maisha yake irudi mikononi mwake. Wakamalizana. Mtu anaweza kukutoa kifungoni na bado akawa amebaki na kitu chako.

Sisi Watanzania tulilijadili hili kwa hasira kuhusu mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004 kuhusu sangara wa Mwanza ilifika hadi kugombea Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliilaani hadharani kwamba imelichafua taifa. Wengine wakasema imesema kweli iliyofichwa. Ninachokumbuka ni kwamba waliobishana wengi walikuwa hawajaitazama, na waliomo ndani yake hawakuulizwa na upande wowote. Filamu huisha, watazamaji hurudi nyumbani, lakini mtu aliyepigwa picha akiokota vichwa vya samaki anaendelea kuishi mtaa ule ule na uso ule ule.

Kwa sababu hiyo, watu wanaponiuliza kama mzee wetu alilipwa "mamilioni ya uigizaji", huwajibu hapana, na si desturi. Wapo wanaotoa fidia ya siku ya kazi iliyopotea, wapo wasiotoa wakiogopa kwamba fedha itageuza maneno, na ubishi huo haujaisha popote duniani. Mzee alitia dole gumba kwenye fomu ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza. Niliitafsiri mimi, haraka haraka, gari likiwa linawaka. Sijivunii.

Kuna pia vya kutopigwa picha kabisa. Wiki ile kulikuwa na ngoma za unyago kijiji cha pili, na mwongozaji aliuliza kama tunaweza kuchungulia. Bibi mmoja alimtazama, akamjibu taratibu kwamba anakaribishwa kula wali siku ya kutoka kwa wari. Kibali cha Bodi ya Filamu alikuwa nacho, barua ya mtendaji wa kijiji alikuwa nayo. Ruhusa ya bibi hakuwa nayo, na kwa bahati alielewa.

Siku hizi mambo yanakwenda mbali zaidi ya chusa za Flaherty. Mwaka 2021 filamu kuhusu mpishi na mtangazaji Anthony Bourdain, aliyefariki 2018, ilitumia sauti iliyotengenezwa na kompyuta kumfanya asome maneno yake mwenyewe. Aliyaandika kweli. Hakuyatamka. Watazamaji hawakuambiwa ndani ya filamu, wakajua baadaye kwenye mahojiano, na kilichowaudhi wengi ni kule kutoambiwa. Kwa kutumia simu niliyonayo mfukoni, mimi fundi wa harusi ninaweza kumfanya mzee wa Tandahimba apulize salfa mwezini.

Turudi kwake, maana aliachwa anachekwa. Mwongozaji hakukasirika. Alfajiri ya siku ya pili tulikuwa shambani saa kumi na moja, umande umetulowesha hadi magotini, mzee anawasha mashine. Tulipiga kwa mwanga wa tochi moja. Jioni tukafungua kompyuta kwenye baraza lake, yeye kwenye kiti, mkewe mkekani, wajukuu wamejazana mlangoni. Kioo kilikuwa cheusi. Mara chembe za njano zinapita kwenye mwanga wa tochi, mara bega, mara hakuna kitu.

Mzee akatazama muda mrefu. "Hapa sasa ndiyo mimi," akasema. "Ila sionekani."

Bibi akasogeza sikio karibu na kompyuta. "Mashine yetu hiyo," akasema. "Sikiliza inavyokohoa."